Barua Isiyokuwa na Bahasha

Gharib Msabah alikuwa na kompyuta sita za kukodisha intaneti katika chumba kimoja nyuma ya soko la Darajani, Unguja, mwaka 2002, na watu walimwamini kama wanavyomwamini mshona nguo aliyewapima. Mwalimu Badriya alikuja kila Jumamosi kumwandikia dada yake aliyeko Maskati. Siku moja alitoka mbio kuwahi mvua, akaacha barua wazi kwenye kioo cha kompyuta.

Gharib alikwenda kuifunga. Akasoma mstari mmoja, kisha barua yote. Badriya alimweleza dada yake jinsi mumewe Hamed anavyompiga, na kwamba ataomba talaka skuli zikifungwa.

Hamed alikuwa rafiki wa Gharib wa barazani. Gharib akaichapisha, akampelekea, akijiambia anaokoa nyumba ya watu.

Wiki iliyofuata Badriya hakuja. Alipoonekana tena alikuwa mbele ya kadhi akidai talaka, jicho limevimba, na Gharib ameitwa na Hamed kuwa shahidi.

Hamed akatoa ile karatasi. "Mke wangu ananitangaza ng'ambo, Shekhe."

"Maneno haya yako, binti?" kadhi aliuliza.

"Yangu. Lakini sikumwandikia yeye."

Kadhi akamgeukia karani. Karani akasema barua ya posta akiifungua mtu ni kosa, anajua. Hii ya kompyuta, isiyo bahasha wala stempu, hajaona sheria inayoitaja.

Gharib akahisi pumzi zinamrudi. Hana kosa! Mara akakutana na lile jicho lililovimba, na furaha yake ikamchoma. Akasimama.

"Mimi nliyeitoa, Shekhe. Nliisoma bila ya idhini. Kama yeye kampiga, basi fimbo nimempa mimi."

Kadhi akaikunja karatasi, akamrudishia Badriya. "Sheria itafika siku yake. Kitabu kimeshasema: msipelelezane."

Badriya alipata talaka yake. Gharib hakushitakiwa. Akamfuata mpaka nje.

"Mwalimu, nisamehe."

"Nshakusamehe, Gharib," alijibu, akijifunga buibui. "Lakini dada yangu anaogopa kusomwa, hanambii tena lolote la moyoni mwake. Hilo utanirudishia vipi?"

Gharib akarudi chumbani kwake. Alizigeuza kompyuta zote, vioo vikaelekea ukutani asivione ila anayeandika, akatundika mapazia. Wateja walimsifu kwa uungwana wake. Kila sifa ilimfanya ainamishe uso.