Maneno Niliyopeleka Kanduyi

Mahindi yalikuwa yamefika magotini nilipoanza kumtembelea mgonjwa wa Kachibora. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kanisa letu la Kitale lilikuwa limetufundisha wanawake sita kuwahudumia wagonjwa ambao hospitali imewarudisha nyumbani kwa kuwa haina la kufanya tena. Tulifundishwa kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumsafisha kinywa, kusali naye akitaka na kunyamaza asipotaka. Hilo la mwisho lilinishinda kwa muda mrefu.

Alikuwa dereva wa trekta, hata miaka arobaini na tano hajafika. Saratani ilikuwa imemziba koo. Uji aliumeza kijiko kimoja kimoja, akipumzika katikati, na sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona. Aliyemtunza ni mama yake, mwembamba sana, lakini alimwinua kitandani peke yake. Kila nilipofika, mama aliniomba niombe uponyaji. Niliomba. Mwanawe alifumba macho, ila amina hakuitikia.

Juma la nne, mama alipokwenda kisimani, mgonjwa alinishika mkono akaniambia habari za mkewe. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka miwili. Msimu mmoja wa kulima, yeye akiwa Tongaren na trekta ya mwajiri wake, mtoto alishikwa na malaria. Mkewe alimtuma jirani mwenye baiskeli amwite. Aliporudi nyumbani baada ya siku tano, mtoto alikuwa amezikwa. Mbele ya ukoo mzima alisema hakupata habari yoyote, na kwamba mke alizubaa na mtoto mpaka akafa. Wakamfukuza. Jirani yule hakurudi tena kijijini, hapakuwa na wa kumtetea.

"Jirani alinifikia," aliniambia. "Nilikuwa nakunywa. Nikamwambia aende, nitakuja kesho."

Akavuta pumzi.

"Dada, mwambie nilipata ujumbe. Ni hilo tu."

Nilimpata yule mke Kanduyi, kando ya barabara, akiuza mitumba. Nilikuwa nimejiandaa na mistari ya Biblia kuhusu msamaha. Nilipomwambia, aliendelea kukunja sweta ya mtoto aliyokuwa ameishika, akaikunjua, akaikunja tena. Mistari yangu yote ikanipotea.

Alisema kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akijilaumu kwamba alimtuma mtu asiyefaa, kwamba angeenda mwenyewe kwa miguu, na mtoto mgongoni. Halafu akaniuliza kama mama mkwe anajua. Nikasema hapana.

"Basi amwambie mama yake kwanza," akasema. "Mimi sina neno la kumtumia."

Mvua ilinifungia Kitale siku tatu. Barabara ya Kachibora ilikuwa matope matupu. Nilipofika, mgonjwa hakuweza hata kunong'ona. Macho tu ndiyo yalinifuata tangu mlangoni. Nilimweleza alichosema mkewe, polepole, bila kuongeza neno la kumfariji, ingawa lilikuwa mdomoni. Nikamuuliza kama anataka nimwambie mama kwa niaba yake. Akatikisa kichwa kukubali. Nikamuuliza mara ya pili, maana niliogopa. Akakubali tena, na machozi yakamtoka.

Nikamwita mama. Nikasimulia yote, mkono wa mwanawe ukiwa ndani ya wangu. Mama alimtazama mwanawe, si mimi, akamuuliza kama ni kweli. Akatikisa kichwa kukubali.

Mama alitoka nje, nikamsikia akipanga kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Aliporudi alichukua kitambaa, akamfuta mwanawe midomo kama alivyomfuta kila siku, kisha akaketi na kuutazama ukuta. Siku hiyo hakuniomba niombe. Nilisali kimya, nikaondoka.

Mgonjwa alifariki kesho yake asubuhi.

Mke alikuja mazishini. Sijui nani alimpelekea habari, mimi sikuthubutu. Alikaa nyuma na wanawake wa mbali, na watu walinong'onezana walipomtambua. Jeneza lilipokwisha kufukiwa na watu kwenda kula, alikwenda peke yake kwenye ua wa migomba, mahali alipolazwa mtoto. Majani yalikuwa yamefunika kila kitu. Akapiga magoti akaanza kuyang'oa kwa mikono.

Mama akamwona. Alisimama mlangoni kwa muda, watu wakimtazama, kisha akaingia jikoni akatoka na jembe. Nilidhani mabaya. Lakini alikwenda akaanza kulima upande wa pili wa kaburi lile dogo, na wale wawili wakalisafisha hadi udongo ukaonekana. Sikuona wakisemezana. Walipomaliza, mke aliosha mikono kwenye karai, akaondoka bila kula.

Nilipomuaga mama, alinisindikiza mpaka njiani. Nilitarajia pengine shukrani, sitaficha.

"Ungeniacha nimzike mtoto wangu nikimjua nilivyomjua," aliniambia. "Sasa kulia kwenyewe sijui namlilia nani."

Akarudi nyumbani akitembea katikati ya mahindi, taratibu, kama mtu aliyebeba maji.

Mwezi ule sikumtembelea mgonjwa yeyote. Nilimwambia kiongozi wetu kwamba nina homa. Nimekaa na wengi tangu hapo, wakifa, na wachache wamenipa maneno ya kupeleka. Nayapeleka. Lakini kwanza humuuliza mgonjwa ni nani atakayebaki na maneno hayo ndani ya nyumba yeye akishaondoka, na wengine wakisikia swali hilo hugeukia ukutani, nami huketi nao hivyo hivyo.