Kabichi ya Kiwavi

Keum-suk, ambaye watu wa jengo zima la ghorofa huko Nowon, jijini Seoul, walimwita mama Dong-ju, alikuwa na mdomo usiojua kupumzika. Na mwezi huo wa Mei mdomo ulikuwa na kazi hasa. Lori la ushirika lililoleta mboga zisizopigwa dawa kutoka mashamba ya Goesan lilikuwa limetoa onyo: jengo lisipofikisha familia kumi za wanunuzi waliojiandikisha, mwezi ujao lori halisimami pale tena. Familia zilikuwa nne, na moja ilikuwa ya dada yake mwenyewe.

Basi akawa anawakamata watu kwenye lifti. Akawahubiria udongo, nyuki, mito, na joto la dunia. Wakaitikia kwa adabu, "Kweli kabisa, mama Dong-ju," na mlango ulipofunguka wakachomoka mbio, hata wale ambao hawajafika ghorofa yao. Aliyembishia waziwazi alikuwa mmoja tu, Bibi Pyo wa ghorofa ya sita, aliyekuwa akimlea mjukuu wake Se-a.

"Kabichi zako zina matundu kama neti," alisema Bibi Pyo, akiinua jani moja watu walione. "Nilipe zaidi nile makombo ya wadudu? Loo! Mimi nimezaliwa shamba, mwenzangu. Nilihamia mjini niepukane na viwavi!"

Watu wakaangua kicheko. Keum-suk naye akacheka, lakini alipofika kwake alibwaga kapu chini akalia kwa hasira. Mboga zile alizipenda kwa dhati. Kila jioni alifungia wali ndani ya jani bichi, akapaka rojo ya soya iliyochachushwa, akala huku amefumba macho. Kulikosa lori lile aliona ni kupokonywa tonge mdomoni.

Wiki hiyohiyo, kama kila mwaka, watoto wa darasa la tatu walipewa viwavi wa kulea nyumbani mpaka wawe vipepeo. Wa Se-a aliwekwa koponi, akapewa kabichi ya supamaketi, nyeupe, isiyo na doa. Asubuhi alikuwa amekufa. Mwalimu akatoa mwingine. Safari hii Bibi Pyo aliliosha jani mpaka vidole vikamkunjamana, na kiwavi akafa vilevile. Se-a alilia hadi majirani wakagonga ukuta.

Jioni kengele ya Keum-suk ikalia.

"Una jani?" aliuliza Bibi Pyo, macho chini.

"Jani gani, bibi yake Se-a?"

"Lenye matundu. Na usinicheke! Si langu mimi, la mdudu."

"Kumbe mdudu wako anachagua chakula!"

"We nipe jani bwana, mtoto analia!"

Keum-suk akampa kabichi nzima, bure. Kiwavi wa tatu akaishi. Habari zikapanda na kushuka na lifti, na haikupita muda wazazi wengine wa darasa la tatu wakaja kubisha hodi. Pamoja na Bibi Pyo, familia sita zikajiandikisha. Keum-suk alicheza jikoni peke yake, mwiko mkononi.

Furaha haikudumu. Viwavi walinona, wakajishikiza kwenye vifuniko vya makopo, wakajifungia ndani ya maganda yao. Hawakuhitaji majani tena.

"Nimekwisha," Keum-suk alimwambia dada yake. "Nimeandikisha wadudu, sikuandikisha watu."

Mwezi mpya ulipoingia, siku ya lori, alishuka mapema, roho juu. Dereva akazima injini, akatazama waliokuwepo. Ni walewale wanne. Akatikisa kichwa. Mara lifti ikafunguka, akatoka Bibi Pyo na kapu lake, na nyuma yake wenzake wote.

"Bibi yake Se-a," Keum-suk aliuliza, "si mdudu ameshaacha kula?"

"Ameacha yeye," alijibu Bibi Pyo, akimnyooshea dereva kapu. "Se-a hajaacha."