Tulimpeleka Mzee Kuona Picha

Nilifika Brussels kwa barabara, mwezi wa Januari, nikiendesha gari lisilo langu, kumpeleka mzee asiye baba yangu akaone picha niliyokwisha kuichoka kabla sijaiona. Kabla ya hapo nilikuwa nimetoka Kigoma nikaishi Nairobi, nikaiacha Nairobi nikaenda Istanbul, kisha Athens, kisha kijiji kimoja kusini mwa Ufaransa ambako nilikwenda kuchuma zabibu msimu mmoja nikabaki miaka. Kila nilipokaa, kazi yangu kubwa ilikuwa kusifia nilikotoka. Wenzangu wa Istanbul walichoka kusikia habari za Nairobi. Wa Athens wakachoka na Istanbul.

Mzee tulikutana sokoni pale kijijini. Nilikuwa kwenye simu na dada yangu, tunagombana kwa Kiswahili na kwa sauti kubwa, mara nikasikia nyuma yangu, "Wewe! Kuja hapa! Upesi!" Niligeuka nikiwa tayari kwa ugomvi wa pili. Nikaona Mbelgiji mkongwe, ameinamia fimbo, machozi yanamtoka. Ile ndiyo ilikuwa namna yake ya kunisalimia.

Ujanani alikuwa msimamizi wa shamba la kwinini huko Kivu, mashariki mwa Kongo, na Kiswahili alichorudi nacho kilikuwa cha amri tupu: leta, ondoa, funga, ngoja, kimya. Aliishi na watu wa Kivu miaka yote ile na hakuwahi kuhitaji kuwauliza swali. Sasa uzee ulikuwa unamla kumbukumbu, na ulianza na Kifaransa. Jina la binti yake lilipotea kabla ya neno "upesi." Nikahamia kwake. Yeye aliamuru, mimi sikutii, tukaelewana vizuri sana.

Binti yake aliishi Brussels. Alimtafutia nafasi katika nyumba ya wazee huko Laeken, lakini mzee alikuwa ameapa kwamba kwenye nyumba yake atatoka akiwa amebebwa. Ndipo binti akabuni safari. Jikoni kwa mzee palikuwa na nakala ya picha moja maarufu, kijiji chenye theluji na watu wanaoteleza kwenye barafu, yenyewe halisi iko katika jumba la makumbusho huko Brussels. Zamani mzee alikuwa akimpeleka binti kuiona. Basi tumwambie tunakwenda kuona picha. Tukishafika, mlango wa nyumba yake utakuwa umefungwa nyuma yake, na ufunguo anao binti.

Alituma mama mmoja wa Bukavu, mhudumu wa wazee anayeishi Brussels, aje tusaidiane njiani. Kwa hiyo asubuhi ile garini tulikuwa watu watatu, na aliyekuwa anakwenda kuona picha ni mmoja tu.

Mzee alikaa nyuma, tai shingoni, blanketi miguuni, akiyaamuru malori yatupishe. Tulipoipita Lyon theluji ikaanza, nyembamba na chafu, ya kukera tu.

"Leta mukate!" akasema mzee.

Mama hakugeuka. "Papa, unaombaka namna gani?"

"Leta mukate, upesi!"

"Bon. Utakula Bruxelles."

Vikapita vituo viwili vya mafuta. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino: "Leta mukate... maman."

"Voilà." Akampa. Halafu akanigeukia mimi, ambaye nilikuwa nacheka. "Na wewe Mutanzania, unacheka nini? Unasemaka Kiswahili kama redio. Muntu akikusikia anangoja matokeo ya mupira."

Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama hajisikii vibaya kwa tulichokuwa tunakifanya. Akaangalia barabara.

"Miye nilimuambia muzee kuna picha," akasema. "Donc ataona picha. Uongo moja inatosha."

Tulilala njiani, kesho yake tukaingia Brussels kwenye mvua. Ni mji ambao kila mtaa una majina mawili, la Kifaransa na la Kiholanzi, na hakuna hata moja linalokusaidia kufika. Binti akapiga simu: chumba kiko tayari, twende moja kwa moja Laeken, mzee amechoka, picha ataiona siku nyingine. Mama akanipokonya simu, akasema kwa Kifaransa, kwa adabu iliyonyooka kama rula, kwamba tuko mlangoni pa makumbusho. Hatukuwa mlangoni pa makumbusho. Hata hatukujua yako upande gani. Lakini baada ya hapo ilibidi tuyatafute, na binti ilibidi aje.

Ninachotaka kusema kuhusu picha maarufu ni kwamba hakuna anayekuambia ukubwa wake mapema. Ile ilikuwa kama sinia la kuchambulia mchele. Nakala ya jikoni ilikuwa kubwa zaidi, tena ilikuwa na kalenda. Watu walikuwa wamejipanga mbele yake, wakiigeuzia migongo na kujipiga picha, halafu wanaitazama ndani ya simu kuhakikisha kwamba wameiona.

"Ondoka!" mzee akawaambia. Kiswahili hawakukijua, lakini waliondoka. Sauti ile ilikuwa na uzoefu.

Akasimama. Binti alimshika mkono wa kushoto, macho yamemlowa, akingoja baba akumbuke siku zile. Mzee akainua fimbo akaonyesha kona ya chini, kulia. Mlinzi akakohoa. Pale konani palikuwa na kitu ambacho jikoni sikuwahi kukitazama: ubao wa mlango mkuukuu umeegemezwa juu ya kijiti, chini yake ndege wanadonoa, na kamba inatoka kwenye kijiti kuelekea dirisha la nyumba. Kigoma tulitega hivyohivyo, kwa ungo.

"Mutego," akasema mzee. Akawatazama ndege kwa muda mrefu. "Ndege hapana jua." Kisha akamgeukia binti yake, halafu mimi. "Mimi najua."

"Anasema nini?" binti akauliza.

"Anasema ni picha nzuri," nikamjibu.

"Nilijua angeikumbuka," akasema binti, akatafuta kitambaa.

Mama aliangalia dari. Mzee akashusha fimbo, akafunga kifungo cha koti lake.

"Nyumba iko wapi?" akauliza. Tangu nimjue, lilikuwa swali lake la kwanza kwa Kiswahili. Hakuna kati yetu aliyethubutu kuuliza anamaanisha nyumba ipi. Tukampeleka Laeken, akatembea mwenyewe hadi mlangoni, akakataa kushikwa.

Nyumba ya Ufaransa iliuzwa kabla ya Pasaka. Mimi binti aliniomba nibaki mjini ili niwe namtembelea mzee na kumtafsiria, na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikasema nimekubali kwa ajili ya mzee. Nikapanga chumba juu ya saluni karibu na Chaussée d'Ixelles, nikapata kazi ya kupakua masanduku ya mboga sokoni Flagey. Na kila Jumapili nikaenda Laeken, nikiwa nimevaa uso wa msibani.

Msiba wenyewe sikuukuta. Wahudumu wengi wa pale walitoka Kivu, kwenye vita, na mama yetu wa safarini ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Ile Kivu ambayo mzee aliisimamia ujanani ilikuwa imehamia Laeken, na sasa ndiyo iliyomwogesha, ikamvalisha nepi na kumsomesha. Hakuna aliyemletea kitu mpaka aombe. Mwaka wa kwanza alijifunza "tafadhali." Wa pili akajifunza "umelala namna gani," na akawa anangoja jibu. Alimjua kila mhudumu na watoto wake. Akagombana nao, akawatania, akanenepa. Binti yake alipokuja alimwita maman, kama anavyowaita wote, na binti akaridhika.

Aliyekonda ni mimi. Nilikaa kando ya kitanda chake nikimsimulia jiko lake la Ufaransa, mizabibu, kisha Ziwa Tanganyika, dagaa wanavyoanikwa, taa za wavuvi. Niliamini namliwaza. Nilikuwa nimempata msikilizaji asiyeweza kunyanyuka akaondoka.

Jumapili moja nikiwa katikati ya dagaa, akainua mkono.

"Kimya," akasema. Kisha, polepole, na kwa Kiswahili kizuri walichomfundisha: "Kila siku ziwa, ziwa. Ziwa iko kule, wewe uko hapa. Unanichokesha, mutoto yangu. Tafadhali, nenda kwenu."

Neno hilo nilishaambiwa na mlevi kwenye tramu, nikamjibu. Safari hii nilitafuta koti langu. Mama, aliyekuwa anakunja mashuka, alicheka mpaka akakaa.

"Amekufukuza kwa adabu," akasema. "Miye ndiye nilimufundisha."

Niliondoka Brussels mwezi uliofuata, jumla, kurudi Kigoma, na mvua ikinyesha kama siku niliyoingia. Mama alinisindikiza hadi kituo cha treni ya uwanja wa ndege na kopo la sombe, kisamvu cha kwao.

"Ukifika kule, usianze kulilia Bruxelles," akasema.

"Nililie nini huku? Mvua?"

"Weye? Utalilia hata mvua."

Nikamuuliza yeye anarudi lini Bukavu. Akanitazama kama nilivyostahili kutazamwa.

"Kwetu kuna vita, tonton. Miye narudi Laeken. Saa ya supu inafika, na muzee akiletewa na muntu mwingine anatupa kijiko."

Akanipigapiga begani, akakimbilia basi lake bila kugeuka. Nikapanda treni, kopo mapajani, na kabla hatujatoka kituoni lilishaanza kuvuja.