Mashine Iliyoamka Saa Nane

Fundi wa kompyuta waliyemwita Profesa hakuwahi kungoja swali liishe. Hujamaliza kueleza mashine yako ina nini, yeye keshakwambia imeanza kuugua lini na ni fundi gani aliyeiharibu. Elimu yake iliishia kidato cha pili, na hicho cha pili alikipita kwa mbali, kama mtu anayepita nje ya sherehe asiyoalikwa. Lakini ndani ya kibanda chake, kilichobanwa kati ya fundi nguo na muuza makava ya simu, chuo kikuu kilikuwa yeye.

Kati ya hukumu zake zote, moja aliipenda kuliko nyingine: namba ni namba. Kadi ya picha, kile kipande kinachochora kila unachokiona kwenye skrini, huwa na jina na namba yake. Basi laptop ikiwa na kadi ya namba fulani, na kompyuta ya mezani ikiwa na namba hiyo hiyo, kwa Profesa nguvu ni moja, kesi imefungwa.

Ndivyo alivyomjibu mdogo wake miaka miwili nyuma. Huyo mdogo alikuwa mchoraji wa nyumba. Mtu akitaka kujenga, alimchorea kwenye kompyuta na kumtembeza kutoka mlangoni hadi jikoni kabla tofali la kwanza halijalazwa. Moyo ulikuwa umeanza kumsumbua, daktari akamwamuru ajilaze kila mchana, naye akatafuta mashine ya kukaa nayo karibu na kitanda. Akamwuliza kaka yake kama laptop itaweza kazi ile sawa na ya mezani.

"Wewe ukikaa na ukisimama, si ni wewe yule yule?" Profesa akasema, na wateja wakacheka. Mdogo mtu akanunua laptop.

Sasa alikuwa na miezi minne kaburini. Wiki moja tu baada ya mazishi, muuza vipuri mmoja alimweleza Profesa, hivi hivi katika maongezi, kwamba kadi ya mezani hulishwa umeme wa wati mia mbili, na pacha wake wa kwenye laptop hupewa themanini, tena amefungiwa kwenye kasha jembamba kama sahani. Akipata joto hujipunguzia kasi mwenyewe. Namba moja, matumbo mawili. Profesa alicheka na kusema alijua siku zote. Tangu siku hiyo usingizi ulimkimbia. Kila akifumba macho alimwona mgonjwa ameinamia mashine ya moto, anangoja kazi ambayo ingekwisha mapema kama kaka yake angefunga mdomo.

Ndipo mjane akaja kibandani na ile laptop, ameiviringisha kwenye taulo kama mtoto.

Alieleza kwa sauti ndogo. Mashine ilikuwa bado mezani karibu na kitanda, na chaja yake ukutani, kwa sababu marehemu hakutaka iguswe. Kila siku ikifika saa nane mchana, inaamka. Skrini inawaka, feni inavuma, meza inapata joto. Baada ya robo saa inanyamaza. Mama mzazi wa huyo mjane ameshasema itupwe mbali.

"Mimi nataka jibu moja tu, shemeji," akasema. "Ni yeye, au si yeye?"

Profesa, kwa mara ya kwanza tangu afungue kibanda, aliomba muda. Akamwambia aiache hadi kesho.

Saa nane kamili feni ilivuma. Fundi nguo, aliyekuwa amesikia yote kupitia ukuta wa mbao, aliinuka na mkasi wake, akasema anaenda kunywa maji, na maji hayo aliyanywa mpaka jioni. Profesa alibaki peke yake, nywele zimemsimama. Kwenye skrini picha ilikuwa inajichora, kisanduku baada ya kisanduku, kutoka pembeni: chumba, kiti, mapazia, dirisha la vioo. Ilipofika kwenye vioo, mashine ilizidiwa na joto, programu ikaanguka, kila kitu kikalala.

Alipochungulia ndani alikuta kilichokuwa kinaiamsha. Marehemu aliipangia saa ili iendelee na kazi kwa muda wa saa mbili wakati yeye amejilaza. Ilikuwa filamu fupi ya picha mia tatu. Kila siku mashine iliamka, ikaikabili picha ya mia mbili na kumi na mbili, ikashindwa, ikalala.

Profesa akataka kuujua ukubwa wa kosa lake. Akaihamisha kazi kwenye kompyuta ya mezani ya kibandani, yenye kadi ya namba ile ile, akazipa mashine zote mbili picha ya kwanza. Ya mezani ilitumia sekunde thelathini na nane. Laptop, karibu dakika mbili. Alipotafuta pa kuyahifadhi majibu, alikuta kwenye laptop faili la zamani, lina tarehe ya wiki tatu baada ya laptop kununuliwa, siku ambayo mdogo wake alipita kibandani kusalimia. Ndani yake mlikuwa na matokeo kama yale, ya mezani juu, ya laptop chini. Na mstari mmoja: Kaka asijue.

Mjane aliporudi, Profesa alimkalisha na kumweleza yote, ya saa na ya joto. Kisha akasema, "Si yeye. Na aliyemponza ni mimi. Nilimwambia namba ni namba."

"Alijua," mjane akasema. "Alisema ukiambiwa umekosea utaugua, na mgonjwa mmoja anatosha."

Profesa akamwonyesha kompyuta ya mezani. Akamwambia kwamba hiyo inaweza kuimaliza filamu kabla ya chai ya jioni. Ilikuwa nyumba ambayo marehemu alimwahidi mkewe, kuanzia mlangoni. Mjane akatikisa kichwa. Alitaka mashine ya mume wake iimalize yenyewe.

Basi Profesa aliitoa vumbi, akaiinua juu ya vifuniko vinne vya chupa ili ipate hewa, akaipunguzia umeme isije ikazidiwa tena. Sasa itamaliza picha thelathini kila mchana, akamweleza. Siku tatu, filamu imekwisha.

"Halafu?"

"Halafu haitakuwa na sababu ya kuamka."

Mjane aliweka kiganja juu ya mashine. Cherehani ya jirani ilikuwa imesimama.

"Shemeji, huwezi kuifanya iende polepole zaidi?"

Mtu aliyeuza kasi maisha yake yote alivuta kiti. Akashusha umeme hadi wati hamsini, akamtazama. Akashusha hadi thelathini.

"Hapo?"

"Shusha tena."