Maswali Sita ya Chumba Namba Nne

Miaka ishirini na sita imepita juu ya mlango wa chumba namba nne. Rangi yake ya kijani imepauka na kupakwa upya mara tatu, bawaba zimebadilishwa, wakuu wa kituo cha afya wamekuja na kuondoka, wengine kwa uhamisho na wengine kwa mauti. Mkono unaoufungua kila asubuhi ni ule ule, ila sasa mishipa yake imetokeza na kidole cha kati kimepinda kwa baridi yabisi. Mwenye mkono huo aliingia humo mwuguzi kijana, mke wa karani wa mahakama, mama wa binti anyonyaye. Binti yule leo ni mwalimu, karani amestaafu, na akina mama wanaokaa kwenye benchi la nje humwita mwuguzi huyu, asiposikia, Mama Rudi.

Jina hilo hakulipata bure. Chumba namba nne ni cha uzazi wa mpango, na aliyemfunza kazi, mwuguzi mkuu aliyekuwa mkali kama wembe mpya, alimwachia kanuni moja: mwanamke asiwekewe kitanzi wala kijiti ila akiwa katika siku zake. "Damu ndiyo shahidi," alikuwa akisema. "Ukimwekea kitanzi mwenye mimba, ukaiharibu, utamjibu nini Mungu?" Mwanafunzi wake alikuwa mcha Mungu, akalishika neno hilo kama mtu ashikavyo amana. Kila aliyekuja bila damu aliambiwa, "Rudi ukiwa kwenye siku zako." Wengi walirudi hivyo. Baadhi walirudi na tumbo, wakaelekezwa chumba namba mbili cha wajawazito, naye akasema ni majaaliwa.

Kisha akaja fundi cherehani. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, amezaa mara tatu, na mara zote kwa kupasuliwa. Daktari wa hospitali kubwa alimwambia waziwazi, mbele ya mumewe, kwamba kizazi chenye mishono mitatu kikibeba tena mapema kinaweza kuchanika, na kwamba watoto wale wanamhitaji mama kuliko wanavyomhitaji mdogo wao. Alikuja na mtoto wa miezi mitatu mgongoni, anayenyonya tu, haonjeshwi hata maji. Akaomba kitanzi.

"Uko kwenye siku zako?"

"Sijaziona, nesi, tangu nijifungue."

"Basi rudi ukiziona."

Mtoto alipofika miezi mitano, mama alirudi, hedhi bado, na jibu likawa lile lile. Mara ya tatu mtoto alikuwa na miezi saba na alikwisha kuanza uji. Safari hii fundi aliufunga mlango mwenyewe, akatoa kitambaa kilichokunjwa ndani ya mfuko, akakiweka mezani.

"Nimekuja nazo. Hizo hapo."

Mwuguzi akakikunjua. Damu ilikuwa nyingi, imeganda, na katikati yake umenata unyoya mdogo mweupe.

"Mama," akauliza polepole, "siku zako zina manyoya?"

Fundi akacheka, kicheko kikakatika katikati kikawa kilio. "Jirani kachinja kuku asubuhi, nikamwomba. Nifanyeje, dada? Kwako bila damu hakuna huduma. Na wala si mimi wa kwanza. Hao walioko nje kwenye benchi wanaazimana vitambaa kama wanavyoazimana sufuria!"

"Wanaazimana?"

"Miaka nenda miaka rudi! Wewe tu ndiye hujui. Na mume wangu mimi ni mwashi, dada, si baharia. Kila jioni yuko nyumbani. Nikingoja damu, mimba itaitangulia. Na mimba ikija, watanizika."

Mwuguzi akakikunja tena kitambaa. Hofu ya Mungu ni mwanzo wa hekima, lakini mwanzo si mwisho. Mtu anaweza kuogopa dhambi ya mkono wake hata asiione dhambi ya mlango wake. Kwa miaka yote hiyo alilinda mimba zisizokuwapo, wala hakuwahesabu wanawake aliowarudisha.

Akavuta droo. Chini ya mikasi na koleo, imetandikwa ili vyuma visishike kutu, ilikuwamo karatasi aliyopewa kwenye semina ya siku moja, miaka sita iliyopita. Ilikuwa na maswali sita. Siku ile alijiambia kwamba maneno ya mtu hayawezi kushinda ushahidi wa damu. Sasa aliipangusa na kuisoma, akaliruka swali la kwanza kwa makusudi.

"Tangu ujifungue, hujakutana na mumeo kabisa?"

"Si nimekwambia ni mwashi?"

"Umejifungua ndani ya wiki nne zilizopita?"

"Huyu ana meno mawili!"

"Hedhi imeanza ndani ya siku kumi na mbili?"

"Ya kuku."

"Mimba imekuharibikia ndani ya siku hizo hizo?"

"Hapana."

"Unatumia njia nyingine ya kuzuia mimba, kila mara, bila kukosea?"

"Ningekuwa nayo, ningehangaika na damu ya kuku?"

Likabaki lile la juu. Mwuguzi aliweka kidole chake juu yake. "Una mtoto wa chini ya miezi sita, ananyonya tu, na hedhi haijarudi?"

"Ana saba, nesi."

"Najua." Akainua macho. "Jibu moja tu la ndiyo lingetosha, mama, kwa mtu asiye na dalili za mimba. Ningekuwekea siku hiyo hiyo. Ulipokuja mara ya kwanza ulikuwa na ndiyo. Mara ya pili pia. Leo huna hata moja. Ni mimi niliyekuponza. Nisamehe."

Fundi alifuta kamasi ya mtoto kwa ncha ya khanga. Hakusema amesamehe. Alisema, "Sasa?"

Wakapima mkojo. Mstari ukatokea mmoja: hakuna mimba inayoonekana.

"Mlikutana lini mara ya mwisho?"

"Juzi."

"Basi kipimo hiki hakijui habari za juzi. Mimba changa haijafika kwenye mkojo, na kitanzi hakiwekwi kwa kubahatisha. Chukua kondomu hizi. Kila mara, hakuna cha 'leo tu'. Baada ya wiki nne njoo, damu iwepo isiwepo. Mstari ukiwa mmoja tena, tunaweka papo hapo."

"Na ikiwa miwili?"

"Nitakupeleka mwenyewe kwa yule daktari, siku hiyo hiyo, akuangalie tangu mwanzo."

"Mwashi atanuna."

"Mwambie zege husubiriwa siku ishirini na nane hadi likomae. Hilo analijua kuliko mimi."

Siku zile hazikuwa nyepesi. Adhuhuri moja ya mapumziko, karani mstaafu aliona sahani ya mkewe haijaguswa, akamwuliza, naye akamsimulia yote. Mzee akamsogezea sahani.

"Mahakamani," akasema, "shahidi akikosekana, kesi huahirishwa. Nimeandika 'imeahirishwa' mpaka wino ukaniishia, mke wangu. Sikuwahi hata siku moja kuuliza yule anayengoja anaishije hadi tarehe nyingine."

"Kwa hiyo unanifariji au unanihukumu?"

"Nakaa nawe kwenye benchi moja. Kula."

Karatasi ilitoka drooni ikabandikwa mezani. Wiki ya kwanza aliwauliza wanawake kumi na sita, na kumi na watatu wakawa na jibu la ndiyo. Kila ndiyo ilimfurahisha, na kila moja ilimchoma, maana nyuma yake alimwona mwingine wa zamani ambaye hata sura yake hakuikumbuka.

Siku ya ishirini na nane ikafika, fundi hakuja. Ya ishirini na tisa, hakuja. Ya thelathini mwuguzi alitoka mara nne kutazama benchi. Ya thelathini na moja, saa nne asubuhi, mlango ukabishwa.

"Mtoto alikuwa na homa," fundi akasema, akihema. "Zege tumelingoja. Mwashi kanuna, ila kalingoja."

Kipimo kikawekwa juu ya meza kati yao. Mstari wa kwanza ukajichora. Wakangoja dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, na mwuguzi akangoja moja zaidi.

"Mmoja," akasema.

"Hesabu tena."

"Mmoja, mama. Panda kitandani."

Alipomaliza, fundi aliteremka taratibu, akavaa viatu, akaitazama saa ya ukutani. "Dakika kumi! Miezi mitano nahangaika kwa jambo la dakika kumi?"

Mwuguzi aliandika kwenye kadi tarehe ya kuja kuangaliwa, akampa kwa mikono miwili. Fundi aliipokea, akasimama kidogo mlangoni.

"Nimekusamehe, dada. Ila wengine sijui."

Ewe Mola uyajuaye yaliyo matumboni kabla ya kipimo chochote, mpokelee mwuguzi huyu toba yake, na wale aliowarudisha bila kujua uwafidie kwa rehema yako. Mpe karani wake afya ya uzee, na binti yao wanafunzi wasikivu. Mhifadhi fundi na mwashi wake, na watoto wao watatu uwalee mikononi mwa mama yao hadi wao nao wamlee. Amina.