Kilio cha Mama Nilichokifanyia Japani

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu. Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka katika ukumbi mdogo wa mtaa, kule Japani, nashona nguo za teatri, za mchezo wa kuigiza, wakati bwana yangu Anselme alipoingia na viatu miguuni. Kule hakuna mtu anayeingia ndani na viatu. Nilipoviona, nikajua kuna jambo.

"Telegramu imetoka Bunia," akasema. "Mama yako ametuacha. Wamekwisha kumzika Marabo."

Ngoja nikueleze nilifikaje huko, maana na weye karibu utapanda ndege.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini, nchi yetu ikiitwa bado Zaire. Anselme alitumwa Japani kujifunza kutengeneza masini za barabara. Nikamfuata, mimi msichana wa Mbunya, mtaa wa Bunia, ambaye safari yangu ndefu ilikuwa kwenda kijijini Marabo kumsaidia mama kulima maharagwe. Tulipewa chumba kimoja katika mji wa pwani. Asubuhi Anselme anaenda kazini, nami nabaki naangalia theluji dirishani. Baridi niliizoea. Samaki mbichi, hata huyo nilimzoea. Kilichonishinda ni kile kimya. Watu wanapita mbele ya mlango, wanainamisha kichwa, wanaendelea. Hakuna wa kukuuliza umelalaje, watoto wako salama, kwenu mvua imenyesha?

Jirani yetu alikuwa mjane mzee, Mama Haruko, fundi wa kushona. Alinisikia naimba nikifua nguo, akagonga. Yeye na watu wa mtaa, muuza mboga, mpeleka barua, mwenye bafu la watu wote, walikuwa na teatri yao. Si watu wa kazi hiyo. Walikutana Jumapili tu, na kila mwaka baridi ikiisha walichezea mtaa mzima. Kwanza alinipa sindano. Baadaye akanipa nafasi ndogo: mwanamke anayerudi kwao baada ya miaka mingi, anasimama mlangoni pa mama yake na kusema neno moja, "Tadaima," yaani nimerudi. Mama huyo ni Haruko mwenyewe, anaitikia kutoka ndani.

Sasa unaelewa, mwanangu, telegramu ile ilinikuta wapi.

Mama Haruko aliviona viatu vya Anselme. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, nikatabasamu, nikaendelea kushona. Niliwaona watu wa pale hawalii mbele za watu, nikasema moyoni, mgeni asiwaletee machozi. Lakini Jumapili iliyofuata, nilipofika kwenye ule mlango wa mbao tuliouchora wenyewe, sauti haikutoka. Nikajaribu tena. Haikutoka.

Mama Haruko aliwaambia wengine waende kupika chai, akaketi mbele yangu. Nikamwambia yote kwa Kijapani changu cha kubabaisha. Akakasirika, ile hasira ya mzazi.

"Wiki nzima umeshona karibu yangu, unacheka?"

"Sikutaka kuwasumbua, mama."

"Mtoto wangu alipozama baharini niliwapa wageni chai, natabasamu. Watu wote wakanisifu. Mpaka leo sijamlilia. Jifunze lugha yetu, jifunze kupika kwetu, lakini hilo usijifunze. Kwenu mtu akifiwa mnafanya nini?"

"Tunaketi chini. Majirani wanakuja, tunaimba, tunalia, tunasema habari za marehemu."

"Basi waite majirani."

"Mimi hapa sina majirani."

Akaniangalia. "Na siye ni nani?"

Kilio cha mama yangu kilifanyika mule ukumbini, mchana. Muuza mboga alileta machungwa madogo, mwenye bafu akaleta jiko la makaa. Niliimba nyimbo za kanisa letu la Bunia, Anselme akiniitikia kwa sauti nzito, na wale watu wasiojua neno hata moja wakapiga makofi polepole. Nikawasimulia mama alivyotwanga sombe, majani ya muhogo, akigombana na kuku. Nikawaambia alivyonishika mkono siku ya kuondoka: "Weye enda, lakini usinirudilie mugeni." Hapo nililia mpaka kifua kikauma. Na Mama Haruko akaweka paji la uso kwenye mkeka, akamlilia mtoto wake, akimwita kwa jina. Hakuna aliyemnyamazisha.

Siku ya kucheza, ukumbi ulijaa. Nikatembea mpaka mlangoni. Lile neno la Kijapani likanipotea kabisa. Nikasikia kinywa changu kinasema, "Hodi, mama."

Mara kutoka ndani, ile sauti ya kizee, kwa Kiswahili ambacho Anselme alikuwa amemfundisha kwa siri:

"Karibu, mutoto yangu. Ingia."

Nikaingia. Mchezo uliishaje, usiniulize.

Tulirudi Bunia miaka mingi iliyopita. Nilidhani hamu ingeniisha siku nitakapokanyaga udongo wetu. Haikuisha, iligeuka upande. Kule nililia Marabo. Hapa, mvua ikinyesha na mitaa ikinyamaza kidogo, ninamtamani yule mzee na harufu ya ile mikeka. Sijui alikufa lini, wala nani alimlilia.

Basi nisikilize. Ukifika huko uendako usikae kama mtu anayengoja gari, ukihesabu tu siku ya kurudi. Ingia kati yao, shona nao, cheza nao, hata lugha ikikushinda. Siku utakapoumia, mwambie aliye karibu, usimwekee tabasamu. Utawapenda, na kuwaacha kutakuuma, kubali kuumia. Mimi maumivu hayo siyauzi kwa kitu chochote.

Mungu akuchunge angani na nchini. Akupatie wa kucheka naye na wa kulia naye, na afya ya mwili. Nasi atukutanishe tungali hai. Enda na amani, mwanangu.