Kuni Uani kwa Priska

Priska ndiye aliyekuwa mpishi wa misiba na harusi zote za mtaa wao, Makambako. Hakuna aliyemwajiri. Alianza kwa kumsaidia jirani aliyefiwa, ikaonekana ana mkono mzuri, na tangu hapo hakuna aliyemwuliza tena kama ana nafasi. Mwenyewe alipenda. Alifurahi kuona watu walioshinda wakilia wakila na kushiba.

Mwaka jana alipasuliwa tumbo hospitalini Njombe. Baridi ilikuwa kali, na aliyempelekea uji ni binti yake tu, Rejoice, mjamzito aliyepanda gari na tumbo lake kutoka Makambako. Wengine walituma salamu kwamba apone upesi, harusi zimekaribia.

Alirudi nyumbani akiwa amekatazwa kuinua kitu chochote kizito. Kidonda hakijapona sawasawa, asubuhi moja gari likaingia uani likamwaga mabanzi ya misonobari, kuni za kupikia. Nyuma yake wanawake wanabingirisha masufuria. Wifi yake, Flora, alikuwa anaoza mtoto, na alikwishawaahidi wanakamati kwamba Priska atapika.

Priska alitoka nje ameshika ubavu. Akamwuliza Flora alikuwa wapi wakati yeye amelazwa. Flora akasema maandalizi yalimbana. Tena hakuna haja ya kuinua kitu, akae tu asimamie.

"Wifi, nimewapikia kwa moyo," Priska akasema. "Kumbe mlichokuwa mnataka ni mikono yangu tu. Pakieni kuni zenu."

"Watu watasemaje?"

"Waseme. Tumbo ni langu."

Wakapakia, wakaondoka. Na kweli walisema: kwamba ana majivuno, kwamba ugonjwa umemharibu akili. Kanisani wengine waliacha kumsalimu.

Harusi ilifanyika. Wali ukaungua kidogo chini, watu wakala, wakacheza. Habari hizo zilimkera kuliko masengenyo yote. Kumbe waliweza! Miaka yote aliyokohoa kwa moshi, waliweza.

Rejoice alipojifungua, Priska alihamia kwake. Alimpikia uji wa ulezi, akamwogesha mtoto, na mgongo ulipouma alimwambia binti yake kwamba amechoka, akaenda kulala. Rejoice hakununa.

Flora alikuja kumwona mtoto. Priska alimkaribisha, akampa chai. Wakazungumza habari za mvua. Msamaha Flora hakuuomba, na Priska hakujisingizia kwamba hasira imekwisha.